Kimeta na sisi tunaowamba ngoma

Mwaka 2008 fundi mmoja wa ngoma alifariki London. Alikuwa akinunua ngozi za wanyama kutoka nje ya nchi, akizikwangua manyoya na kuziwamba kwa mikono yake, na katika kazi hiyo akavuta vumbi lenye vijidudu vya ugonjwa wa kimeta. Lilimshukia mapafuni, na hospitali za jiji lile pamoja na vyombo vyake vyote hazikuweza kumwokoa. Miaka miwili nyuma, 2006, mtu mwingine alikufa Scotland kwa ugonjwa huo huo, na wachunguzi wakaifuata asili yake hadi kwenye ngoma za ngozi. Mwaka huo huo mcheza ngoma mzaliwa wa Afrika Magharibi aliyekuwa akiishi New York alianguka baada ya onyesho. Ngoma zake alikuwa akizitengeneza mwenyewe, kwa ngozi alizozitoa kwao. Huyo Mungu alimjalia akapona.

Hao ni watu wa kazi yangu. Mimi nawamba ngoma hapa Amu, kisiwani Lamu, mtaa wa Langoni, kazi niliyoirithi kwa baba. Matari ya Maulidi, chapuo na vumi za harusini, mara mojamoja msondo wa ngozi ya ng'ombe. Habari za London nilizipata kwa mteja, mgeni aliyetaka kurudi kwao na tari. Aliniuliza ngozi ile ni ya mbuzi wa wapi, alichinjwa na nani, na kama ina cheti. Nilipomuuliza sababu ya maswali yote hayo, akanieleza. Tangu hapo sijaacha kusoma na kuuliza. Nimekaa na daktari wa mifugo, nimekaa na muuguzi, nimekaa na shehe wangu. Haya nayaandikia wenzangu wa kazi kwanza, kisha wachinjaji, wachunaji na wachukuzi wa ngozi kuanzia Garsen na Witu hadi gati la Mokowe.

Kimeta ni ugonjwa wa wanyama walao majani: ng'ombe, mbuzi, kondoo, ngamia, punda, na wa porini kama nyati, punda milia na kiboko. Binadamu huupata kwa mnyama. Mtu kumwambukiza mtu ni jambo la nadra mno, kwa hiyo mgonjwa wa kimeta si wa kukimbiwa, ni wa kupelekwa hospitali. Mnyama huweza kuonekana mzima asubuhi, na jua halijatua yuko chini. Akishakufa, damu nyeusi isiyoganda humtoka puani, mdomoni na nyuma, tumbo hufura upesi, na mwili haukakamai kama mizoga mingine.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana mambo mengine yote yanatoka hapa. Mzoga ukiachwa kama ulivyo, bila kupasuliwa, ule uozo wa ndani huwaua bakteria wengi wa kimeta kwa siku chache. Hawana hewa, hawana pa kwenda. Lakini ukitia kisu, ukachuna, damu ikamwagika na hewa ikaingia, bakteria wale hujifunika gamba gumu na kugeuka spora. Spora haili, hainywi, haizaani. Inangoja. Jua la kiangazi haliimalizi, chumvi tunayopaka ngozi haiimalizi, kukausha ndiyo kabisa hakuidhuru. Hukaa udongoni miaka makumi, hata mnyama mwingine aje ale majani yake. Tai na fisi pia huupasua mzoga, hilo haliko mikononi mwetu. Kisu kiko mikononi mwetu.

Kwa sisi watu wa kisiwani nina mfano wa kisiwa. Kiko kimoja pwani ya Scotland, jina lake Gruinard, kidogo, hakina watu. Mwaka 1942, wakati wa vita, Waingereza walikwenda kujaribia huko mabomu ya kimeta juu ya kondoo. Kondoo wakafa, na kisiwa kikafungwa. Hakuna aliyeruhusiwa kukanyaga. Mwaka 1986 walikimwagia tani 280 za dawa kali ya formalini iliyochanganywa na maji ya bahari, na udongo uliokuwa mbaya zaidi wakauondoa. Kikatangazwa salama mwaka 1990. Hesabu mwenyewe, miaka 48, nchi yenye mvua na baridi, na serikali yenye fedha. Mimi kila nikipita kwa mashua karibu na visiwa vyetu vidogo, ambapo watu hupeleka mbuzi wakajilishie, hukifikiria kile.

Huku kwetu hakuna bomu lolote linalohitajika. Kiangazi kinatosha. Majani yakiisha, mbuzi na ng'ombe hung'ata hadi mizizi, wakala na mchanga wake, na vinywa vyao vimechubuliwa na miiba. Mvua ikinyesha baada ya ukame mrefu, maji husomba spora na kuzikusanya mabondeni, palepale penye majani mapya ya kwanza. Mwanasayansi wa Ufaransa, Louis Pasteur, alisema zamani kwamba hata nyungunyungu hupandisha juu spora za mizoga iliyozikwa. Wafugaji wa kwao walikuwa na mashamba waliyoyaita yamelaaniwa, kwa kuwa kila mifugo ikipelekwa pale ilikufa. Mashamba hayakuwa na laana. Yalikuwa na mizoga chini.

Na hapa pana jambo la biashara ambalo wenzangu mnalijua ila hatulisemi kwa sauti. Ngozi hushuka bei wakati wa ukame. Ule ukame wa 2020 hadi 2022 uliotupiga pwani na kaskazini, mizigo ya ngozi ilikuwa ikija mikubwa na ya rahisi. Kwa nini ilikuwa rahisi? Kwa sababu mifugo ilikuwa ikifa, na mfugaji aliyepoteza kundi zima anajaribu kuokoa shilingi yoyote inayookoleka. Simlaumu hata kidogo. Lakini msimu wa ngozi rahisi na msimu wa kimeta vinaweza kuwa msimu mmoja, na anayesimama katikati ya viwili hivyo akiwa na kisu cha kukwangulia ni mimi na wewe.

Kimeta humwingia mtu kwa njia kuu tatu. Ya kwanza ni ngozi yake mwenyewe, na hiyo ndiyo ya wagonjwa walio wengi mno, zaidi ya 95 katika kila 100. Unakuwa na mchubuko kidoleni au mkononi, unachuna, spora inaingia. Baada ya siku moja hadi wiki hivi, hutoka kipele kinachowasha, utadhani umeumwa na mbu. Kipele huwa lengelenge, lengelenge hupasuka, na katikati hubaki kidonda chenye gaga jeusi tititi, pembeni pamevimba. Na hakiumi. Hapo ndipo watu wanapopotea. Sisi watu wa kazi za mikono tumezoea kwamba kidonda kibaya ni kile kinachokunyima usingizi. Hiki kinakuacha ulale, uamke, uende kazini, huku sumu yake inapita damuni. Kikitibiwa mapema, chini ya mtu mmoja katika 100 hufa. Kikiachwa, hufa kati ya 10 na 20. Tofauti hiyo yote ni dawa za kawaida: penisilini, doksisaiklini, siprofloksasini. Vidonge na sindano ambazo wengi wetu tumeshawahi kuandikiwa kwa maradhi mengine.

Njia ya pili ni tumbo, kwa kula nyama. Hapo vifo hupanda, robo ya wagonjwa na hata zaidi ya nusu wasipopata matibabu. Watu husema nyama ikichemshwa sana haina neno. Ni kweli moto humaliza bakteria wengi, lakini spora huweza kuuhimili moto wa sufuria ya nyumbani usiotosha, na kabla ya nyama kufika sufuriani kuna aliyeichinja, aliyeikata, aliyeiosha na mtoto aliyetumwa nayo kwa jirani.

Ya tatu ni pumzi. Hii ni adimu, na ndiyo kali kuliko zote. Huanza kama mafua, homa na kifua, halafu mgonjwa huzidiwa ghafla. Bila matibabu wengi sana hufa, na hata wakitibiwa wengi hufa. Karne ya 19 kule Bradford, Uingereza, wafanyakazi wa viwanda vya sufu walikufa hivyo kwa kuchambua manyoya ya mbuzi na ngamia yaliyoletwa kwa meli, hadi ugonjwa ukapewa jina la kazi yao. Fundi wa London alifuata njia hiyo hiyo miaka zaidi ya mia baadaye.

Iko na ya nne, nitaitaja kwa sababu ya vijana wetu. Kati ya 2009 na 2010, Scotland walipata wagonjwa 119 wa kimeta, na 14 wakafa. Wote walikuwa watumiaji wa heroini. Pengine unga ule uligusana na ngozi ya mnyama mgonjwa njiani ulikosafirishwa. Amu na Malindi zina vijana wanaojidunga, na tunawajua kwa majina, ni watoto wa majirani zetu. Mmoja wao akivimba mkono kupita kiasi, asiachwe uchochoroni kwa kuwa ni mtumiaji.

Vifo vipi vya kimeta dunia inavikumbuka? Watu wengi wakisikia jina hili hukumbuka Marekani, mwaka 2001, barua zenye unga zilizotumwa kwa posta. Waliougua ni 22, waliokufa 5, na dunia nzima ikatetemeka. Wengine wanajua habari ya mji wa Sverdlovsk, Urusi ya Kisovieti, mwaka 1979: kimeta kilivuja kutoka kituo cha jeshi, upepo ukakichukua, watu wasiopungua 66 wakafa waliokuwa upande upepo ulikoelekea. Serikali ikasema ni nyama mbovu. Miaka ikapita hadi 1992 ndipo rais wa Urusi, Boris Yeltsin, alipokiri kwamba jambo lile lilitokana na jeshi. Naumia nikifikiria wauza nyama wa mji ule, na jamaa za wafu walioambiwa kwamba waliua watu wao kwa chakula cha mezani.

Lakini nani anakumbuka Zimbabwe? Kati ya 1978 na 1980, vita vya ukombozi vikiwa vimepamba moto, huduma za mifugo vijijini zilianguka, chanjo zikakatika, na kimeta kikaenea nchi ile kama hakijawahi kuenea. Watu zaidi ya 10,000 waliugua. Karibu 200 walikufa. Hao hawakutumiwa barua. Walichuna ng'ombe wao, wakala nyama ya ng'ombe wao, kwa kuwa njaa ilikuwapo na ng'ombe alikuwa ndiye mali yote waliyonayo. Ukiuliza mtu barazani hapa Amu, au popote, hakuna atakayekutajia. Naona si haki.

Na si mambo ya zamani tu. Mwaka 2023 nchi tano, Kenya, Uganda, Malawi, Zambia na Zimbabwe, zilikuwa na kimeta kwa mkupuo. Shirika la Afya Duniani lilihesabu washukiwa 1,166 na vifo 20. Zambia peke yake ilikuwa na washukiwa 684, na miongoni mwa wa mwanzo walikuwa watu waliogusana na mizoga ya viboko. Kwetu Kenya ilikuwa Aprili, Kandara, kaunti ya Murang'a. Watu watatu walifariki na wengine wakalazwa, habari ikianzia kwa ng'ombe aliyeambukizwa. Watatu ni wachache ukiwaandika kwenye karatasi. Kijiji kimoja kikizika watatu kwa sababu ya nyama ya ng'ombe mmoja, hapo hakuna uchache.

Si ajabu kwamba mwaka 2015 Kenya ilikuwa imeshakiweka kimeta nambari ya kwanza katika orodha ya maradhi ya wanyama yanayohamia kwa watu. Na chanjo ipo. Iliyotumika sana duniani chanzo chake ni kazi ya Max Sterne, Afrika Kusini, miaka ya 1930, na humu nchini hutengenezwa chanjo ya pamoja ya kimeta na chambavu, ugonjwa mwingine wa mifugo. Mnyama anachanjwa kila mwaka, kabla ya msimu wa hatari. Mfugaji wa kando ya Tana akiniambia kwamba mwenye chanjo hajamwona mwaka mzima, namwamini, na hilo si la kumlaumu yeye.

Nirudi kwetu, maana najua ndugu zangu wengi wameshasema moyoni: sisi ni Waislamu, kibudu hatuli, basi kimeta si chetu. Kwa tumbo ni kweli, na ni neema kubwa. Sheria hii imewalinda watu wa pwani karne nyingi, kabla mtu yeyote hajaiona bakteria. Ila wachunaji na wauza ngozi wana hoja yao, nimeisikia tangu nikiwa mdogo. Wanasema kilichoharamishwa ni kumla, ngozi inafaa. Na wanayo habari ya kuegemea, ile ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita penye mbuzi aliyekufa akauliza kwa nini hawakuifaidi ngozi yake.

Nikaenda kwa shehe wangu, mtu aliyenisomesha tangu juzuu ya kwanza. Nikamwambia, "Maalim, mimi naishi kwa ngozi. Nifafanulie."

Akaniuliza, "Hizo ngozi zako unazitia dabgha?"

Nikasema la. Ngozi ya ngoma haitiwi dabgha, ile dawa ya kutengenezea ngozi. Ikitiwa inalainika kama ya kiatu, sauti inakufa. Sisi tunaloweka, tunakwangua, tunawamba mbichi, inakauka juu ya mzinga wake.

"Basi hiyo ruhusa unayoisikia haikuhusu," akasema. "Sisi Mashafii, ngozi ya mzoga ni najisi mpaka itengenezwe kwa vitu vikali vinavyoondoa unyevu na uvundo. Kukausha kwa jua hakutoshi. Kupaka chumvi hakutoshi. Wewe unachukua ngozi ya kibudu, mbichi, unaiwamba kwenye tari, na tari ile inapigwa kwenye Maulidi. Umeshafikiri?"

Nilinyamaza. Kisha akaongeza kwamba hata iliyotengenezwa, ruhusa ni ruhusa, si amri, na kanuni inayosimama juu ya haya yote ni kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana. Mzoga ambao watu wa elimu ya maradhi wamesema usifunguliwe, haufunguliwi, si kwa nyama wala kwa ngozi.

Nimeyaandika maneno yake kwa kirefu kwa sababu nimeona mabango na nimesikia matangazo ya redioni kuhusu kimeta, na yote husema "msile nyama". Kwa jirani zangu tangazo hilo linapita juu ya vichwa. Hawali. Wanachuna. Anayetaka kuwafikia watu wa pwani aseme habari za ngozi, na akaisemee msikitini.

Kuitambua ngozi ya kibudu si kazi ngumu kwa aliyezoea. Igeuze upande wa ndani. Ya mnyama aliyechinjwa akatoka damu ipasavyo ni nyeupe, inaelekea rangi ya maziwa, na mishipa huioni au unaiona kwa shida. Ya mnyama aliyekufa na damu yake, mishipa imejichora, myembamba, myeusi, inatawanyika kama mizizi. Halafu tazama shingo. Aliyechinjwa ana mkato wa kisu kooni. Aliyekufa hana.

Wakati wa kiangazi kilichopita mzee mmoja aliniletea mzigo kutoka upande wa Witu. Ni mtu mzima, namwita ami, tumefanya biashara tangu enzi za baba. Nikazifungua moja moja barazani. Nzuri, nzuri, nzuri, halafu ikaja moja ya beberu mkubwa, manyoya yake mekundu ya kupendeza, ngozi pana inayotosha vumi. Nikaigeuza. Mishipa yote ilikuwa imejaa. Upande wa kichwa palikuwa na damu iliyokaukia kwenye manyoya, nyeusi kama lami, na shingo ilikuwa nzima.

"Ami, huyu alichinjwa?"

"Alikutwa asubuhi zizini. Nyama tukaitupa, mwanangu. Hatukula, wallahi."

"Nani alimchuna?"

"Mimi na kijana wangu."

Nikamwomba anionyeshe mikono. Aliiona ni ajabu, lakini akanyoosha. Hakuwa na kidonda. Nikamuuliza habari za kijana, akasema yu mzima. Nikamweleza kipele kile kilivyo, kwamba hakiumi, na kwamba wakikiona, yeye au kijana, wasingoje, waende hospitali siku hiyo hiyo na waseme wazi kwamba walichuna mnyama aliyekutwa amekufa. Ngozi ile tuliifunga ndani ya mifuko miwili ya nailoni, nikampigia simu afisa wa mifugo, akaja, ikachomwa moto mpaka ikawa jivu. Ami alisikitika, na mimi nilimlipa kitu kwa usumbufu wake, kwa sababu mtu akipoteza mbuzi, kisha akapoteza na ngozi, keshokutwa akimkuta mwingine hatasema ukweli. Nadhani serikali ingelifikiria hilo. Mfugaji anayepiga simu kuripoti mzoga asirudi nyumbani mikono mitupu.

Simu yenyewe ni muhimu kuliko kuni. Mzoga usichomwe ovyo wala kuburutwa. Uachwe palepale, ufunikwe ndege na mbwa wasiufikie, watoto na mifugo waondolewe, na afisa aitwe. Maafisa wenyewe wanajua namna ya kuuchoma au kuuzika shimo refu, na wanajua kuchukua sampuli bila kuupasua.

Kazini mambo niliyoyabadilisha si mengi. Sikwangui ngozi kavu tena. Baba alikuwa akikwangua kavu, kwa kigae cha chupa, na upepo wa kaskazi ukipita uchochoroni manyoya na vumbi vilikuwa vikiingia hadi madirisha ya majirani. Mimi naloweka usiku kucha na majivu, nakwangua ikiwa imelowa, na manyoya nayakusanya yakiwa maji. Navaa glavu zile nene, na nikiwa na mchubuko sigusi kazi. Barakoa navaa hata jua likiwa kali. Wanangu hawakai barazani wakati huo. Ngozi nyingi nanunua siku za Idi ya kuchinja, ambapo mbuzi nimewaona kwa macho yangu wakisimama, wakila, wakichinjwa. Nyingine nazitoa machinjioni, kwa mnyama aliyepita kwa mkaguzi wa nyama.

Wapigaji wameniuliza kama wasiwe na hofu na matari yao. Msiwe nayo. Ngoma iliyokwisha kuwambwa, ikapigwa miaka, ikapashwa moto kila usiku wa sherehe, haijaniletea mimi wala baba mgonjwa yeyote, na hata huko Ulaya na Marekani visa vya ngoma ni vya kuhesabika kwa vidole. Hatari kubwa iko kwa anayekwangua, na kwa aliyechuna kabla yake.

Mwenzangu unayefanya kazi hii, ukipatwa na homa na kifua kikabana, au ukaona kipele cha gaga jeusi, usimwambie daktari "nina homa" tu. Daktari wa hapa ataanza na malaria, na ana haki yake. Mwambie: mimi ni mtu wa ngozi. Mtajie lini ulikwangua mara ya mwisho na ngozi ilitoka wapi. Muuguzi niliyekaa naye aliniambia kwamba sentensi hiyo moja inaweza kubadilisha dawa atakayokuandikia.

Na kwa wanaoniletea mizigo kutoka Mokowe, Hindi, Witu na kwingineko: kuanzia sasa ngozi zije na shingo zake. Msizikate shingo mkaziacha machinjioni ili mzigo uwe mdogo. Nataka nione mkato wa kisu. Kwa hizo naongeza bei kuliko ilivyokuwa, na wawamba ngoma wengine wawili wa Langoni tumekubaliana tufanye vivyo hivyo. Isiyo na shingo hainunuliwi barazani kwangu, hata ikiwa nzuri vipi.